Gramu Mbili

Kwanza kila s ikawa sh,
kila mwimbaji akawa kibogoyo.
Nikadhani ni masikio; nina miaka sabini na minane.
Kisha mjukuu wangu Ksawery akaitia sindano chini ya lenzi,
akasema: Bibi, hii si sindano tena, ni patasi.

Patasi! Na mimi kila Jumapili
nailisha santuri zangu.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo;
haba na haba pia hukikomba.

Akaniachia katriji mpya ndani ya kijisanduku
na bisibisi nyembamba kama ukucha wa paka,
akakimbilia tramu.
"Ningoje Jumamosi. Ni kazi ya macho."

Kazi ya macho?
Miaka thelathini na mmoja kiwandani, hapa hapa Łódź,
nimeunga nyuzi za pamba zilizokatika
mitambo ikinguruma pande zote.
Nyaya nne ndizo zinishinde?

Nyeupe. Buluu. Nyekundu. Kijani.
Nikazichomoa kwa kikoleo changu cha nyusi,
moja, moja,
pumzi nimeibana kama mwizi chini ya kitanda.
Ya kijani ikakatika.
Nikatukana, mbele ya picha ya Bikira nikatukana,
nikachemsha chai, nikarudi,
nikaiunga kwa chuma cha kulehemu cha Zenon
kilicholala miaka sita droo moja na soksi zake.

Kisha mizani. Mkono uelee kwanza,
usipande, usishuke,
ndipo uuongezee gramu mbili:
uzito wa kifungo cha koti.

Nilijua nitaanza na ipi.
Ile kadi ya sauti, ya plastiki, yenye picha ya mnara wa taa,
aliyoirekodi kibandani kule Kołobrzeg, mwaka sabini na moja,
akaibandika stempu.
Sijaigusa tangu tumzike.
Niliiogopa patasi kabla sijalijua jina lake.

Mkwaruzo. Upepo. Halafu yeye:
"Bogusia, bahari ni baridi, supu haina chumvi,
narudi Alhamisi."
Hayo ninayo kichwani neno kwa neno.

Lakini nyuma yake, chini kabisa ya mfuo,
mahali sindano ya zamani haikuwahi kufika,
mwenye kibanda, kwa haraka:
"Malizia, bwana, kuna foleni."
Na Zenon, uso ameugeuza:
"Subiri. Bado sijamwambia."

Kadi ikaishia hapo.
Mkono ukapiga, tk, tk, tk,
sikuunyanyua.

Alhamisi ile alirudi kweli.
Alileta samaki wa moshi ndani ya gazeti,
akalalamikia treni, akavua viatu.
Hakuniambia kitu.

Au aliniambia, jioni ile, nimetoka zamu,
na mitambo bado inanguruma masikioni.