Pindo la Akiba

Fomu ya kujiunga imekuja kurasa kumi na moja.
Nimeisoma juu ya meza ya cherehani, sokoni Kasulu,
chaki nyuma ya sikio:
godoro futi mbili na nusu, ndoo mbili zenye mfuniko,
jembe lenye mpini, fyekeo, rimu ya karatasi,
sketi mbili za kijani, marinda manne, chini ya goti.
Hapo kwenye sketi nikatabasamu.
Hapo tu ndipo waliponiuliza kitu ninachokijua.

Bukuru, simama wima nikupime.
Kiuno ishirini na sita. Usivute pumzi,
futi ya fundi haipokei rushwa.
Ndani nakuachia pindo la inchi tatu,
maana miaka miwili si siku mbili,
na huko Tabora utarefuka mbali na macho yangu.

Wamekupangia Kemia, Baiolojia, Jiografia.
Najua. Uliandika Historia ukaifuta,
ukaiandika tena, kalamu ikatoboa karatasi.
Mama yako akasema daktari,
kama mtu anayemnunulia mwenzake kanga
bila kumuuliza rangi,
na mimi nikaendelea kutunga uzi kwenye sindano.
Tulikata kabla ya kupima.
Basi kaa darasani wiki mbili, kisha niambie ukweli.
Kama hazikukai, tutamwandikia mkuu wa shule, tutafumua.
Kufumua si aibu kwa fundi,
ni nusu ya kazi.

Juzi Mwalimu Ntiyakunze alituita wazazi saba,
tukaketi kwenye madawati yenu, magoti kidevuni.
Akasema: huko mwendako kila mtoto alikuwa wa kwanza kwao.
Wa kwanza arobaini wakiwekwa chumba kimoja
lazima mmoja atoke wa arobaini.
Siku hiyo akipiga simu
msimuulize amekuwa wa ngapi.
Muulizeni amekula nini, amelala saa ngapi,
rafiki yake anaitwa nani.
Mama Editruda akauliza, na nauli ya likizo je?
Tukacheka, halafu hatukucheka.
Nimeyaandika maneno ya mwalimu nyuma ya risiti ya nyuzi
nikayabandika juu ya cherehani.
Si kwa ajili yako. Mimi ndiye mwenye hasira za haraka.

Na Butoyi, pacha wako, huyu hapa,
anakushonea vifungo.
Siku ya orodha tulishusha kidole kwenye simu ya jirani,
tukashuka, tukapanda, tukashuka tena.
Jina lako lilikuwa moja tu, na mlizaliwa wawili.
Tangu siku hiyo hatamki neno shule.
Ila jana usiku, taa imezimwa,
nilimsikia akikuuliza maswali ya Baiolojia,
bila daftari, kwa kichwa tu,
wewe ukijibu,
yeye akikusahihisha.
Nikageukia ukuta.
Asubuhi nilikwenda kuulizia mitihani ya watahiniwa wa kujitegemea.
Karatasi waliyonipa iko kwenye droo ya vifungo.
Bado natafuta namna ya kuifungua droo hiyo mbele yake.

Treni inaondoka Kigoma usiku.
Uvinza utaipita umesinzia, Malagarasi huenda umelala kabisa,
Kaliua utaamshwa na wauza asali.
Mawese yako kwenye chupa, nimeizungushia mfuko mara tatu,
yasije yakakunywea godoro.
Ndani ya kopo la dawa ya meno kuna sindano, wembe,
na uzi wa kijani uleule.
Sketi ikianza kupanda usinisubiri.
Fumua mshono wa chini polepole, shusha pindo,
ushone kwa mkono kama nilivyokufundisha.
Mkunjo wa zamani utaacha mstari.
Uache uonekane.

Sasa vua, nikapige pasi.
Butoyi ameokota mabaki ya kitambaa sakafuni,
ameyatandaza mezani, ameshika futi yangu.
Anapima.
Hasemi anapimia nini.