Tisini na Nane Nukta Tatu

Walinipa gari, utepe mwekundu, lakiri ya risasi,
na kisanduku chenye mshale unaopima nguvu za mawimbi.
Wakanipa na namba: tisini na nane nukta tatu.
"Kituo hakina leseni. Kitafute, kifunge, rudi."
Hawakuniambia kwamba ili nikipate
itanibidi nikisikilize.

Siku mbili juu ya uwanda wa Oruro,
kwenye hewa haba hata kiberiti husita kuwaka,
nikamfuata mwanamke kwa sauti yake.
Mshale ukilala, nimepotea.
Ukisimama, nimekaribia.

Alisema kwa Kiaimara,
lugha niliyoiacha jikoni kwa bibi yangu:
"Lama wawili wa Mzee Fructuoso, uzi wa kijani masikioni,
wameonekana nyuma ya makaburi.
Mama Eulogia Colque, mwanao amepiga simu kutoka Antofagasta.
Yu mzima, ni mguu tu.
Atapiga tena Alhamisi, usiende mnadani.
Muuguzi wa chanjo haji, daraja limechukuliwa na maji.
Usiku huu sakitu. Funikeni kinoa."

Kisha, bila kubadili sauti,
akasoma bei ya bati mjini,
na bei anayolipa mnunuzi hapa mgodini.
Katikati ya namba hizo mbili akanyamaza kidogo.

Nadhani ukimya ule ndio uliohitaji leseni.

"Na gari jeupe la serikali limepita njia panda.
Dereva ni kijana mwembamba, anaonekana hajala.
Atakayekutana naye asimwache hivyo."
Kwenye kona iliyofuata mtoto alisimama
na viazi vya moto ndani ya kitambaa.
Nilikula. Sikuandika hilo kwenye ripoti.

Chumba cha udongo nyuma ya shule.
Trei za mayai ukutani, za kumeza mwangwi.
Mlingoti wa mabomba ya maji, betri ya basi.
Nieves Choquetopa, kofia kichwani, miwani imefungwa kwa waya,
akanionyesha kiti, kisha faili.
Miaka kumi na mmoja ya fomu:
mchoro wa mhandisi, dhamana ya benki
inayozidi bei ya lama wote wa bonde lile,
cheti cha kuthibitisha cheti.
Juu kabisa, barua ya mwisho:
*Irudishwe. Nakala ya tatu haipo.*
Saini ilikuwa yangu.

Sikuikumbuka. Hilo ndilo lililonichoma:
nilikuwa nimeisaini labda nikinywa chai.

Sheria ni msumeno, husema wakubwa.
Lakini msumeno una mpini,
na siku ile mpini ulikuwa mkononi mwangu.
Nikafunga utepe. Nikabana risasi.
Yeye alinishikia taa, nisikosee.

Nikarudi usiku, redio ya gari pale pale kwenye namba,
ikichemka kama sufuria isiyo na kitu.
Pembeni mwa barabara mashamba yalikuwa wazi,
meupe.

Leo ni Alhamisi. Ripoti ina kipengele:
*Athari kwa wasikilizaji.*
Nafasi ya mstari mmoja.
Mwenzangu huandika "hakuna" kabla hajavua koti.

Nimechapa nakala ya tatu ya Nieves kwa mkono wangu,
iko chini ya kalamu, bado haina mhuri.
Saa nne na robo.
Mahali fulani simu inalia,
na sijui nani atamwambia Eulogia.