Jani la Tano

Gari langu limekaa kitako.
Pua inanusa mawingu ya Amani,
nyuma bampa linakwangua kila jiwe la Kihuhwi,
na chungwa nikiliweka sakafuni mwa bodi
linabingirika lenyewe hadi mlango wa nyuma
kama mtoto anayejua njia ya jikoni.

Ni pikapu ya mwaka nilioingia darasa la pili.
Imebadili injini mara mbili, rangi mara tatu.
Kadi imepita mikono mitatu kabla ya wangu.
Springi ni zile zile.

Nikaipeleka Majani Mapana, gereji isiyo na kibao.
Semkiwa, nikasema, ninyanyulie nyuma.
Kwa njia ipi?
Sikujua kama njia ni nyingi.

Kijana wake Chambuso alikuwa na jibu mdomoni:
Bloki, mama. Chuma cha inchi tatu
kati ya ekseli na springi, yubolti ndefu, nati nane,
adhuhuri unakula kwako.
Bei yake ilinichekea.
Semkiwa akasimamisha viberiti viwili, kimoja juu ya kingine,
akavigusa kwa kidole.
Hiyo ni breki ya ghafla, mteremkoni, na mzigo.
Cha juu kilikwisha lala kwenye grisi.

Hangeri ndefu, akasema Mbaruku wa jirani,
anayechomelea kwa miwani ya jua.
Ukiirefusha inchi mbili, gari linapanda moja.
Na ile nyingine inakwenda wapi?
Inakwenda kwenye krosi za propela, akasema Semkiwa.
Itakudai kidogo kidogo, usiku, njiani.

Palikuwa na mteja, gari lake la kutembelea,
matairi makubwa, halijaona tope tangu lioshwe.
Hamisha springi juu ya ekseli, dada! Inchi sita!
Nikamfikiria Mwanakombo na mdogo wake,
wapakiaji wangu; mwisho wa tenga lao ni kifuani.
Inchi sita utapakia wewe?

Semkiwa akafuta mikono.
Unabeba matenga mangapi?
Thelathini.
Akanitazama.
Thelathini na manane.
Akaendelea kunitazama.
Na viroba vya iliki juu.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, akasema,
na gari nalo ni mwenzio.

Walipofungua, majani manne yakalala mchangani.
La pili lilikuwa limepasuka chini, mahali pasipo jicho,
mpasuko mkongwe, kutu imeshaukomaza.
Misimu miwili nimeupandisha Amani
nikiitukana barabara.

Hapo maneno yakapungua.
Moto hapana, moto hulegeza chuma.
Aliyapiga baridi, juu ya kipande cha reli ya mkonge,
nyundo, kipimo, nyundo, kipimo,
upinde ukirudi kwa upana wa ukucha.
La kuziba pengo, na la tano la kuongeza,
yalitoka kwenye pikapu ya marehemu Shemhilu,
iliyouzwa chuma chakavu.
Shemhilu, aliyenivunjia bei sokoni Muheza
miaka tisa bila kupumzika.
Majani yake mazima, hata alama.
Kumbe hakuwa anazidisha, mtu yule.

Inchi mbili tu. Mpira wa breki ulitosha bila kuungwa.
Siku ya kwanza, tupu, ilinirusha hadi meno yakagongana,
na chungwa likabingirika kwenda mbele,
likagonga kibanda, likanitazama kwa nyuma.

Ijumaa tukapakia thelathini.
Mwanakombo alibaki na manane kando ya njia
na uso ambao bado sijaulipa.
Nikaliweka chungwa kwenye upenyo kati ya matenga.
Lilitikisika, likafikiri,
likakaa.
Nikawasha gari kabla halijabadili mawazo.