Ankara Namba Kumi na Saba

Linz, Novemba. Ukungu wa mto Danube
umemeza daraja hadi kiunoni.
Nimekaa chumba cha kupanga, kompyuta mapajani,
naandika ankara.

*Maelezo ya kazi*, nukta mbili, kisha nafasi tupu.
Bei ya siku naijua. Kodi naijua.
Kazi yenyewe ndiyo inayonikimbia.

Niandike kwamba nilikuja mikono mitupu?
Wenzangu wa makampuni makubwa huja na mtumba:
koti lililokwisha kuvaliwa na benki, na kiwanda cha saruji,
hupunguzwa mikono, huongezwa kifungo,
mteja akaambiwa, "Hilo limekukaa!"
Mimi fundi wa peke yangu, futi shingoni,
sina hata katibu wa kupokea simu,
na kabla sijashika mkasi nauliza:
ukiinama, panakubana wapi?

Hapa hufuliwa shuka za hospitali sita.
Mkurugenzi, Bwana Obermoser, alinipa chati:
tani kwa saa, mishale,
watu arobaini na wawili waliogeuzwa mistatili.
"Hawashiriki," akasema. "Na sanduku la maoni nimewawekea."
Nikalifungua. Mlikuwa na ganda la peremende
na karatasi moja ya mwaka juzi:
*Ufunguo wa sanduku hili anao nani?*

Nikaomba zamu ya usiku. Akacheka.
Nikaomba tena.

Saa kumi alfajiri, upande wa mvuke,
Zdenka alinishikisha ncha mbili, akashika mbili.
Shuka hukunjwa kwa kukutana na kuachana,
na maneno yetu yakafuata mwendo huo huo:
"Mikokoteni" –
tukaachana –
"huja yote kwa mkupuo" –
tukaachana –
"kisha mpaka saa moja tunatazamana."
Kwenye shuka ya hamsini hivi, akatoa daftari
mfukoni mwa aproni, limevimba kwa unyevu.
Miaka kumi na mmoja: hospitali ipi, siku ipi,
mashuka mangapi, lori gani lilichelewa.
Mbona hukusema?
"Nani aliuliza?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Nami usiku ule nilikunja vya watu mia mbili,
sikulalia hata kimoja.

Alhamisi tukakaa kwa duara, viti vya kantini.
Ilir, fundi wa boila, hakuvua kofia.
"Wewe Ijumaa unapanda treni," akaniambia.
"Sisi Jumatatu tupo. Na yeye yupo."
Hakumnyooshea mtu kidole. Haikuhitajika.
Ninazo mbinu za kimya cha namna hiyo,
kadi za rangi, maswali ya kulainisha;
nikaziacha mkobani. Kimya kikakaa nasi, kikanywa chai.

Kisha Bwana Obermoser akaomba daftari.
Akalisoma wima, miwani juu ya paji,
mpaka akafika ukurasa uliomvuta kiti.
"Lori la saa tisa," akasema, "nililipanga mimi.
Mwaka ule mama yangu alilazwa.
Nilitaka kutoka mapema."
Gundula akacheka wa kwanza, tena vibaya.
Wengine hawakucheka.

Tulisogeza saa za malori mawili. Basi, hilo tu.
Sanduku la maoni waliling'oa wenyewe;
matundu manne ya skrubu yamebaki ukutani.
Sijui kama litadumu. Ilir hakunipa mkono.

Haya, niandike:
*Ushauri, siku sita.*
*Usiku mmoja wa kukunja: bure, nilikuwa mwanafunzi.*
*Daftari, miaka kumi na mmoja: si langu. Mlipeni mwenyewe.*

Mstari huo nikaufuta.
Nikaenda dirishani; daraja bado halina miguu.
Nikaurudisha.
Kwenye safu ya bei sikuweka tarakimu,
nikatuma hivyo hivyo.

Ni saa tano sasa. Simu iko mezani, kimya.