Nusu Shari

Fomu ina kisanduku kimoja kilichoandikwa Sababu,
kipana kama kiberiti.
Aliyekichora hakuwahi kuvuka Thumrait angani mwezi wa Julai,
jua likichoma kioo, jangwa jeupe hadi macho yanalia,
halafu ghafla, ukingoni mwa Jabali Qara,
dunia imekatwa kwa kisu:
huku mchanga, kule pamba.

Kharifu. Wageni huifuata na mabirika ya chai,
watoto wao wakikimbilia manyunyu bila viatu.
Mimi huifuata na utepe wa kupimia.

Rubani: Muhenna bin Khelef, miaka arobaini na mmoja,
saa elfu nne angani.
Injini ilikuwa nzima. Nimeifungua mwenyewe,
mafuta safi, plagi safi,
propela imepinda kama inavyopinda iliyokuwa ikizunguka.
Mpaka mwisho chuma kilitii.

Basi niandike nini kwenye kiberiti hiki?
Niandike ukungu? Ukungu ulikuwepo tangu Juni,
haukumfuata mtu; ulifuatwa.
Niandike mkataba wa kutiwa saini Salala saa kumi,
na tajiri wa kiti cha mbele akitazama saa yake
kila baada ya dakika mbili, bila neno?
Kuna namna ya kutazama saa
inayosukuma kuliko mkono.

Au niandike zile mara tatu za wiki iliyopita
alipoliona tundu kati ya mawingu, akapenya,
akatua, akanywa kahawa, akasifiwa?
Kosa lisiloadhibiwa huvaa kanzu,
likajiita uzoefu.

Bakhit, mpima ardhi, ndiye aliyetoka hai.
Kalala chali hospitali, anaongea na dari:
“Alitugeukia akauliza, tuendelee au turudi?
Tukanyamaza. Mimi nilidhani ni adabu.
Angetuuliza bei ya samli tungemjibu.”

Hapo niliweka kalamu chini.
Usukani mmoja umegawiwa watu watatu,
na hakuna aliyeushika.

Siku hiyo hiyo, dakika ishirini nyuma yake,
Zuwena bint Nasib alifika ukingo ule ule,
akaiona pamba, akageuza.
Akatua Marmul. Abiria wakamnunia,
mmoja akasema wazi kwamba ndiyo maana hapandi ndege za wanawake.
Alikula wali uliopoa kando ya lori la mafuta
huku ofisi ikimpigia simu kwa ukali.

Nilimuuliza: uliogopa?
“Niogope nini? Niliamua asubuhi, Maskati,
miguu yangu ikiwa bado juu ya saruji:
nisipoiona barabara ya lami, narudi.
Kule juu halikubaki la kuamua.”
Kisha akacheka kidogo, akanitajia mamake
na ile heri nusu shari.

Nusu shari ina risiti: nauli iliyorudishwa, chakula cha baridi.
Shari kamili ina mimi.
Lakini yeye simwandiki popote.
Kwa aliyegeuka hatuna fomu,
hatuna picha, hatuna namba ya faili;
kuna watu wanne tu waliofika nyumbani kesho yake
wakilalamika.

Jioni nateremka kwa gari kwenda Salala.
Kona ya pili, ukungu unameza boneti.
Simu inalia: mkuu wangu, anaitaka ripoti kabla ya isha.
Nusu saa tu, naijua njia hii,
nimeipita mara ngapi,
na nasikia sauti yangu mwenyewe ikihesabu.

Naegesha. Nazima redio.
Taa za hatari zinapepesa, weupe unazirudisha.
Anatokea ng'ombe mmoja mdogo wa milimani,
ananusa kioo cha pembeni, analamba manyunyu yake,
anakwenda zake.
Simu inalia tena.
Kisanduku bado ni cheupe.