Kani na Ebo

Mwalimu Kapembe kanikosoa mara ya tatu wiki hii.
Nimeandika: ai kani ebo tu,
naye kapiga mstari mwekundu juu ya ebo
kama anayefunga njia ya reli.
"Chagua moja, mzee Mihayo. Ukishasema kani
umeshaweza. Utaweza kuweza kivipi?"
Darasa la jioni, hapo Isevya, likaangua kicheko,
vijana wa bodaboda, binti wa duka la asali,
nami nikacheka, maana hilo nalijua:

miaka ishirini na sita nageuza njia stesheni ya Tabora,
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma,
sijapata kuruhusu vichwa viwili
reli moja.

Nikatoka, daftari kwapani, hadi Kitete,
wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.
Mama hawezi.
Ndivyo nilivyoandika nikiomba ruhusa kazini,
na karani, kijana aliyekulia kwingine,
akaniuliza, "Hawezi nini?"
Hawezi tu.
Kwetu neno hilo limeshiba, halidai jingine nyuma yake.
Hawezi: mguu, kijiko, jina langu,
vyote vimo.

Muuguzi akapanga mito. "Bibi Kalunde, jaribu kukaa."
Akashika chuma cha kitanda
kwa mkono uliochosha majembe mangapi kule Urambo,
akasogea upana wa kiganja,
akatulia,
akasogea tena. Kanga ikamvuka begani.
Nilitaka kumsaidia, muuguzi akanizuia kwa jicho.
Halafu akakaa. Akanitazama kama aliyenifumania:
"Nimeweza. Uji uko wapi?"

Kumbe mwalimu alisema pia,
kengele imeshalia, viti vinakwaruza sakafu,
kwamba kuna mahali ebo ndiyo yenye haki:
si kwa uwezo wa kila siku,
ni kwa lile tendo moja
lililogoma, kisha likakubali.
Sikumsikiliza. Nilikuwa natafuta kofia yangu.

Nikafungua daftari magotini,
chini ya mstari wake mwekundu, kwa penseli:
shi wozi ebo tu siti.
Tahajia sina hakika nayo.
Kesho atanikosoa.