Sikio la Ombewa

Daftari langu ni la hesabu, jalada la bluu, kurasa tisini na sita.
Ukurasa wa kwanza: Kaloleni, Jumamosi, mvua.
Watu kumi na saba, tukimhesabu bawabu
na mtoto wa bawabu, aliyelala juu ya sanduku la gitaa.
Kiingilio: shilingi mia, au unga pakiti mbili.
Nilitoa unga.

Tangu siku hiyo nimewafuata kama mtu anayedai.
Gereji ya Kariobangi, harufu ya dizeli ikiingia kwenye kinanda.
Darasa la nne la shule moja Makongeni, tumebanana madawatini
magoti yakigusa videvu, ubaoni bado kuna desimali.
Paa la ghorofa, Umoja, hadi mwenye nyumba alipopanda na kandambili
kusema basi, imetosha,
kisha akavuta ndoo, akaketi, akataka ile ya pili irudiwe.
Nimeandika: ya bati za chekechea, Mukuru.
Ya mafuriko.
Ya mafuriko tena.
Ya figo za mamake Mumbua, na chini yake
nimepiga mstari, sikuandika kitu.

Mumbua huimba amefumba jicho moja
kama anayetunga uzi kwenye sindano.
Redio hazimjui, ng'o.
Lakini kuna muuza mayai Jericho anayezijua nyimbo zake zote,
na akikosea neno hurudi mwanzo, mteja angoje.

Na siku zote, nyuma kabisa, karibu na mlango,
yuko Ombewa na mashine yake ya vitufe,
nusu imeshikwa na utepe mweusi,
akipunguza hiki, akiongeza kile,
kama anayeonja mchuzi wa wageni.
Hakuna anayempigia makofi.
Akifanya kazi vizuri hujui kama yupo.

Kerubo, mshika kopo la michango, ndiye aliyegundua.
Alimwita mara tatu kutoka kushoto.
Mara tatu Ombewa akaendelea kukunja nyaya.

Basi safari hii bango lilikuwa na jina lake.
Tulimwekea kiti mbele, akakikataa.
"Nani atashika mashine? Nyinyi mtapiga kelele tu."
Akavua kiatu,
akakanyaga saruji kwa wayo mtupu, kiganja juu ya spika,
na besi ikampanda kama mafuta kwenye utambi.
Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimwona akisikia.
Mumbua alipokaribia pale sauti yake huvunjika,
kidole cha Ombewa kilishuka upana wa unywele,
kabla haijavunjika.

Stima ikapotea saa tatu na dakika ishirini.
Miluzi, matusi madogo, kisha Wesonga
akaendelea na ngoma bila waya, bila ruhusa,
nasi tukakibeba kibwagizo gizani,
kila mtu na njia yake, kama mbuzi sokoni.
Ombewa alicheka hadi akashika ukuta:
"Kumbe bila mimi mko hivi!"

Kopo lilipomwagwa mezani:
elfu arobaini na moja, mia tatu na hamsini,
kifungo cha koti,
sarafu moja ya Uganda.
Kifaa cha sikio: elfu sitini na mbili.
Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba nacho kina ubishi.

Juma lililofuata Ombewa alinunua nyaya, mita mia moja,
na kipaza sauti kipya cha Mumbua, kwa sababu kile cha zamani
"kinamfanya asikike kama yuko ndani ya sufuria."
Kerubo hakumsemesha mwezi mzima.
Na aliketi kulia kwake, upande unaosikia,
ili ajue kwamba hasemeshwi.

Jana ujumbe umeingia kwenye simu:
Sikio la Ombewa, Awamu ya Pili.
Kiingilio mia mbili. Pesa atashika Kerubo.

Daftari limebaki kurasa nne.
Nimelipa.
Nimepitia dukani pia, nikanunua jingine,
la kurasa mia mbili.